Kwa Nini Kupe wa Sikioni Hakai Kiweleni

Ndugu wafugaji, maafisa mifugo, walimu na wanafunzi wa vyuo vya mifugo, nawasalimu.

Mada yetu ni namna vimelea vinavyogawana mwili wa mwenyeji wao, na nitaileta kwa swali ambalo kila aliyewahi kuogesha ng'ombe analijua. Yule kupe wa kahawia anayejazana ndani ya sikio, mbona hatumkuti kiweleni? Na yule mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni, anayeng'ang'ania kiwele na kidari, mbona hapandi sikioni? Ng'ombe ni yule yule, damu ni ile ile. Mtu angetegemea kila kupe aume pale alipodandia.

Jibu linaanzia kwa ng'ombe mwenyewe. Mtazameni ng'ombe mwenye afya kwa nusu saa akiwa malishoni. Analamba ubavu, bega na mguu wa nyuma. Anapiga mkia. Anajikuna shingo kwa kwato ya nyuma, anajisugua kwenye mti au nguzo ya zizi. Kutwa nzima anajisafisha, na ulimi wake mkwaruzo huondoa kupe wachanga wengi sana. Ng'ombe akizuiwa asijilambe, kupe wa ubavuni huongezeka haraka. Sasa chora ramani ya sehemu asizozifikia: ndani ya sikio, chini ya shina la mkia, kati ya kiwele na paja, kidarini kati ya miguu ya mbele. Halafu chora ramani ya sehemu wanakokutwa kupe wakubwa waliojaa damu. Mtashangaa jinsi ramani hizo mbili zinavyolaliana. Kimelea hukaa pale ambapo mwenyeji wake hafiki, na kwa vizazi vingi mwili wake hufinyangwa na mahali hapo.

Neno hilo lahitaji ushahidi, na ushahidi ulio wazi kuliko wote umetoka kwa chawa wa njiwa. Kupe ni mgumu kumfanyia jaribio la mageuzi, kwa kuwa kizazi chake kimoja huweza kuchukua miezi mingi. Chawa wa njiwa hukamilisha kizazi kwa muda wa wiki tatu hadi nne, na maisha yake yote hayatoki katika mwili wa ndege.

Njiwa wa mjini ana chawa wa aina mbili wanaojulikana sana. Wa kwanza ni chawa wa bawa, mwembamba na mrefu kama kijiti. Njiwa akianza kujichambua manyoya, chawa huyu hujipenyeza kati ya nyuzi za unyoya wa bawa, akalala sambamba nazo, na mdomo wa njiwa ukapita juu yake bila kumnasa. Wa pili ni chawa wa mwili, mfupi na mnene, ambaye huzama katika manyoya mororo yaliyo karibu na ngozi. Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa makini: wote wawili hula chakula kimoja, yaani ule umanyoya laini wa mwilini. Chawa wa bawa hana chakula pale anapojificha, hulazimika kuteremka mwilini kula na kurudi. Kwa hiyo kilichomweka bawani ni kukwepa mdomo wa njiwa.

Mdomo wenyewe una ufundi wake. Ncha ya juu ya mdomo wa njiwa huizidi ya chini kwa milimita 1 hadi 2 tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliikata ncha hiyo na kutangaza matokeo mwaka 2005: njiwa waliendelea kula vizuri kama kawaida, lakini chawa wakazidi. Kijincha hicho kidogo ndicho kinachomsaga chawa dhidi ya mdomo wa chini.

Kikundi hicho hicho, chini ya Dale Clayton na Sarah Bush, kikaenda mbali zaidi. Walichukua chawa wa bawa kutoka kwa njiwa wa kawaida wakawahamishia kwa njiwa weupe, weusi na wa kijivu, wakawaacha kwa miaka 4, kama vizazi 60 vya chawa. Kwa njiwa weupe chawa wakageuka kuwa wa rangi hafifu, kwa weusi wakawa wa rangi iliyokolea. Lakini baadhi ya njiwa walikuwa wamewekewa kibanio kidogo mdomoni kisichozuia kula ila kinachozuia kujichambua, na kwa hao rangi ya chawa haikubadilika. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote katika kazi yao, maana inaonyesha mkono uliofanya kazi ni upi. Anayeonekana hunaswa na asiyeonekana huzaa. Pale ambapo hakuna anayenaswa, hakuna kinachobadilika.

Matokeo mengine ya mwaka 2019 yalihusu ukubwa. Chawa walihamishiwa kwa njiwa wa kufugwa walio wakubwa mara tatu ya njiwa wa kawaida, ambao manyoya yao yana nafasi pana zaidi kati ya nyuzi. Chawa wakakua maumbo kizazi baada ya kizazi. Kisha ikajitokeza taabu ya kujamiiana: dume akizidiwa mno na jike kwa ukubwa, au akipungukiwa na tofauti ile inayofaa, watoto wao huwa wachache. Mbegu ya kugawanyika kuwa spishi mbili ilianza kuonekana ndani ya miaka 4, kwa sababu tu ya kubadilisha nyumba.

Ukipanua macho kwa ndege wengine, utakuta maumbo yale yale yakijirudia: chawa wa kichwani, mnene mwenye kichwa kipana cha pembetatu na taya za kung'ang'ania, kwa kuwa ndege hawezi kufikisha mdomo kichwani mwake mwenyewe, chawa wa bawa, mwembamba, chawa wa mwilini, wa mviringo, na chawa asiye na makao maalumu, ambaye kinga yake ni kukimbia. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba maumbo hayo yamezuka upya mara kadhaa katika koo mbalimbali za chawa. Chawa wa kichwa wa ndege mmoja anaweza kuwa na udugu wa karibu na chawa wa bawa wa ndege huyo huyo kuliko na chawa wa kichwa wa ndege mwingine.

Binadamu naye hajaachwa. Chawa wa kichwa hutaga kwenye nywele. Chawa wa nguo, ndugu yake wa karibu kabisa, hutaga kwenye mishono ya nguo na kupanda ngozini kula tu. Huyo hakuweza kuwako kabla binadamu hajaanza kuvaa. Chawa wa kinena ni ukoo mwingine, ana makucha mapana yanayoshika nywele nene zilizo mbalimbali, na jamaa yake wa karibu ni chawa wa sokwe mkubwa, yule gorila. Tofauti ya makazi imeleta tofauti ya maradhi: homa kali ya chawa, iliyowapata makumi ya maelfu ya watu Burundi katikati ya miaka ya 1990, husambazwa na chawa wa nguo. Ndiyo maana huko dawa ya sindano au vidonge pekee haitoshi. Nguo na matandiko lazima vichemshwe au vitiwe dawa, maana mdudu anaishi humo. Kumnyoa mgonjwa kichwa hakumgusi.

Kuna sababu ya pili ya kubanana mahali pamoja, na haipewi uzito unaostahili. Ng'ombe ana eneo kubwa la ngozi. Kupe kumi wakitawanyika juu yake, dume na jike huenda wasikutane. Klaus Rohde, mtafiti wa vimelea vya matamvua ya samaki, aliwahi kutoa hoja kwamba vimelea vingi hushikilia kona ndogo ya mwili hata pale ambapo hakuna anayewasukuma, kwa sababu kona ndogo huwakutanisha wanaotaka kuzaana. Tutamwona kupe anayeishi kwa kanuni hiyo hiyo.

Sasa turudi zizini. Nitachukua kupe wanne, na sitawapa muda sawa.

Kupe wa sikio wa kahawia, *Rhipicephalus appendiculatus*, ndiye anayetuulia ndama wengi Afrika Mashariki, kwa kuwa ndiye anayebeba kimelea cha ugonjwa wa ndigana kali, *Theileria parva*. Mdomo wake ni mfupi, kwa hiyo anahitaji ngozi nyembamba yenye damu karibu, isiyo na ulimi wala mkia karibu. Upande wa ndani wa sikio una vyote hivyo. Anajigandisha kwa majimaji anayoyatoa yanayokauka kama saruji kuuzunguka mdomo wake. Ana wenyeji watatu katika maisha yake: akiwa lava wa miguu sita huuma mnyama wa kwanza, huanguka, hujivua, akiwa nimfu, yaani kupe mchanga wa hatua ya pili, huuma wa pili, huanguka tena, akikomaa huuma wa tatu. Jike aliyeshiba huanguka baada ya siku 5 hadi 10 na kutaga mayai yapatayo 3,000 hadi 5,000.

Makazi yake yanatueleza mpaka dalili za ugonjwa. Majimaji ya limfu kutoka sikioni hupita kwenye tezi iliyo chini ya sikio, na ndiyo maana tezi hiyo huvimba mapema katika ndigana kali, mara nyingi kabla mnyama hajaacha kula. Mfugaji anayepapasa chini ya masikio ya ndama kila asubuhi hupata siku kadhaa za kutibu ambazo mwenzake hazipati. Tezi ikivimba, pima joto. Likivuka nyuzi 39.5 kwa kipimo cha njia ya haja kubwa, mwite mtaalamu siku hiyo hiyo. Chanjo yetu nayo inaiga njia ya kupe. Ile iliyotengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970 hutokana na vimelea hai waliotolewa kwenye kupe walioambukizwa, huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, na huchomwa karibu na tezi ya chini ya sikio pamoja na antibayotiki ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu.

Jambo jingine la kulishika: kupe huyu akiuma hatoi ugonjwa saa ile ile. Vimelea vilivyo katika tezi zake za mate huhitaji siku 3 hadi 4 za kunyonya ili kukomaa. Ukimwua kabla ya hapo, hajakuambukizia ng'ombe. Hapo ndipo ilipotoka desturi ya kuogesha mara mbili kwa wiki kwa ng'ombe wa kisasa katika maeneo yenye ndigana kali. Haina uhusiano na idadi ya kupe unaowaona.

Kupe wa miguu mekundu, *Rhipicephalus evertsi*, anastaajabisha zaidi, kwani anabadilisha mtaa kadiri anavyokua. Lava na nimfu hukaa ndani kabisa ya tundu la sikio, wakinyonya na kujivua humo humo bila kuanguka. Nimfu aliyeshiba huanguka. Kupe mzima hupanda mnyama mwingine na kwenda chini ya mkia, kuzunguka njia ya haja kubwa na mapajani. Punda huwa naye pia. Anayekagua sikio kwa kulitazama juu juu haoni watoto wake hata kidogo. Lazima ulikunjue sikio na kumulika.

Kupe wa tatu ni yule mwenye madoa ya rangi, *Amblyomma variegatum*, na miguu yake ina pete nyeupe. Mdomo wake ni mrefu, kwa hiyo ngozi nene haimzuii: kidari, kiwele, mfuko wa korodani, kwapani, mapajani. Hangojei juu ya jani kama kupe wa sikio. Akihisi hewa ya pumzi ya mnyama hutoka mafichoni na kumfuata kwa miguu, na ndiyo maana anafikia sehemu za chini za mwili. Huyu ndiye wa kanuni ya kukutana niliyoitaja. Dume hutangulia. Akisha kunyonya kwa siku kadhaa hutoa harufu inayowaita majike na madume wengine waje washike pale pale, na matokeo yake ni lile fundo la kupe mnaloliona kidarini likiwa limebanana ilhali pembeni ngozi ni safi. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 20,000. Hueneza ugonjwa wa moyo maji, na kidonda chake kirefu huingia usaha. Kumng'oa kwa kumvuta ghafla ni kosa, kwani mdomo hukatikia ndani, nzi hutaga, na ng'ombe wa maziwa hupoteza chuchu. Mpake dawa, mwache afe, aanguke mwenyewe.

Nimemwacha wa nne kwa sababu anaonekana kuivunja kanuni yangu. Kupe wa bluu, *Rhipicephalus decoloratus*, hukaa ubavuni, begani, shingoni na tumboni, pale pale ulimi unapofika. Anaokokaje? Kwa udogo na kwa wingi. Lava hujificha kati ya manyoya, na tangu hapo haondoki: hujivua mara mbili juu ya ng'ombe huyo huyo na kukamilisha yote kwa takriban wiki 3. Haingii tena katika hatari ya kutafuta mwenyeji, kwa hiyo anamudu kuwapoteza wengi kwa ulimi. Kwa kuwa hahami, ugonjwa wa kukojoa damu anaoueneza nao umejipatia njia: kimelea chake hupita kutoka kwa mama kwenda katika mayai, na watoto huzaliwa wakiwa nacho. Kaskazini mwa Tanzania ndugu yake mgeni, *Rhipicephalus microplus*, amemsukuma nje katika maeneo mengi, kwa kuwa wote wawili wanagombea mtaa mmoja ule ule.

Kutokana na hayo, tuangalie tunavyoogesha.

Makosa huanza na mahali pa kuanzia. Wengi wanaanza na mgongo kwa sababu ndio ulio mbele ya macho. Dawa hutiririka ubavuni, hudondoka tumboni, ng'ombe anaonekana amelowa, bomba limekwisha. Umemwogesha kupe wa bluu peke yake. Geuza mpangilio: anza na masikio, ndani na nje, kwa mgandamizo mdogo au kwa kitambaa kilicholowa dawa ili mnyama asishtuke, kisha inua mkia ulowanishe shina lake na kuzunguka njia ya haja kubwa, halafu kiwele na mapaja, kidari na kwapa, katikati ya kwato, mwisho shingo, mgongo na ubavu, ukinyunyiza kinyume na uelekeo wa manyoya. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 hadi 10 za dawa iliyochanganywa. Bomba la lita 20 ni la ng'ombe 2 hadi 4. Anayemaliza ng'ombe kumi kwa bomba moja analowanisha manyoya tu.

Kipimo kifuate kibandiko cha chupa. Kwa dawa ya kupe ya amitrazi ya asilimia 12.5 ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji, yaani mililita 40 kwa bomba la lita 20, na zipimwe kwa kikombe chenye alama. Kifuniko cha chupa hakina kipimo kinachoaminika. Amitrazi usimpake punda wala farasi, hudhuru matumbo yao. Wanyweshe wanyama maji kabla, ogesha asubuhi mapema, vaa glovu, na usifanye mvua ikiwa karibu. Dawa za kumwagia mgongoni zina faida ya urahisi, lakini huchelewa au hushindwa kufika sikioni kwa kiwango cha kuua. Ukizitumia, ongeza grisi ya kupe masikioni na chini ya mkia. Josho lililojengwa vizuri na lenye dawa ya nguvu sahihi hushinda vyote, kwa sababu ng'ombe huzama mpaka kichwa.

Muda nao ufuate maisha ya kupe. Ukiogesha kila baada ya wiki 3 utamkuta kupe wa bluu bado yuko juu ya mnyama, lakini wa sikio atakuwa amepanda, ameshiba, ameambukiza na kuanguka kati ya zamu mbili. Na hapa pana hatari ambayo chawa wa njiwa wametufundisha. Dawa ni ulimi mwingine. Kupe wa bluu hukutana nayo katika kila hatua ya maisha yake na huzaa vizazi kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo usugu huanzia kwake. Ukiipunguza dawa nguvu unawaua dhaifu na kuwaachia mbegu wale wanaoihimili.

Baada ya kuogesha, subiri saa 48 kisha kagua ng'ombe watano kwa utaratibu ule ule wa sehemu. Kupe hai wakibaki sikioni na chini ya mkia tu, huku ubavu ukiwa safi, dawa yako ni nzima. Mkono ndio haukufika. Wakibaki kila mahali, angalia kwanza kipimo, tarehe ya mwisho wa matumizi na kiasi cha maji. Wakibaki ubavuni, mahali ambapo dawa ilifika bila shaka na kipimo kilikuwa sahihi, shuku usugu. Usiongeze kipimo, na usichanganye dawa mbili kwa kubahatisha. Chukua majike wa bluu walioshiba, wakiwa hai, uwaweke katika chupa yenye matundu madogo na jani bichi ndani, uandike tarehe, sehemu ya mwili na jina la dawa iliyotumika, uipeleke kwa afisa mifugo ili ifikishwe maabara mapema, kabla hawajaanza kutaga. Kupe wa kutambuliwa aina tu, bila kupimwa usugu, watie kwenye spiriti ya asilimia 70, na kila sehemu ya mwili iwe na chupa yake.